Miisho Chini ya Ulimi

Mtungi wa mtoto hausemi uongo. Hivyo ndivyo walivyozoea kusema watu wa mji ule, wa Juu na wa Bondeni, na kila Mashavu aliposikia alisonya. Kitu kisichosema uongo, aliwaza, mbona kinatetewa na watu wengi hivi? Jua halina mashahidi. Mvua haina wakili. Lakini mtungi, kila mpita njia yuko tayari kuuapia. Asubuhi ile akaamua kuutilia shaka mtungi, na walioutengeneza mtungi, na mtu yeyote atakayemtazama mwanawe kwa jicho la huruma.

Desturi ya mitungi hakuna aliyekumbuka ilianza lini, pengine kwa sababu ilikuwa bado haijaanza. Mambo mengi katika mji ule yalizoeleka kwanza ndipo yakatokea. Mtoto akizaliwa, aliwekewa mtungi wa udongo ubavuni mwa kitanda chake, mdomo wazi. Kila neno aliloambiwa lilishuka humo taratibu na kutulia juu ya lenzake. Jino lake la kwanza la utoto likianza kulegea, mtoto alipelekwa Juu pamoja na mtungi wake, mbele ya Msikizi, naye Msikizi aliugonga kwa kifundo cha kidole. Mtungi uliojaa ulitoa sauti nzito na fupi, na mtoto akaingizwa Mlango wa Jua, wanakofundishwa kuuliza. Mtungi mtupu ulilia. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema, na mtoto wa mtungi unaolia akapitishwa Mlango wa Kivuli, wanakofundishwa kuitika. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuingia kwa mlango mmoja akatokea kwa mwingine.

Mtungi wa Mize, binti pekee wa Mashavu, ulikuwa unalia. Hata ukipitiwa na upepo ulilia. Na jino la mbele la Mize lilikuwa limeanza kucheza.

Mize hakuwa bubu. Angekuwa bubu Mashavu angejua la kufanya, angelia mara moja akanyamaza. Mize alizungumza, ila mazungumzo yake yalitisha. Angekaa kimya tangu jua kuchomoza, kisha katikati ya kula angeinua uso na kusema, "Basi fisi akabaki na kamba mkononi." Au, akioshwa miguu: "Na tangu siku ile hawakumwita tena." Hakuna aliyejua ni fisi gani, wala kamba gani, wala nani hakuitwa tena. Majirani walicheka kwanza. Halafu wakaacha kucheka, na kuacha kwao kucheka ndiko kulikomuumiza Mashavu.

Kwanza aliushuku udongo. Akaujaza mtungi maji, akauweka juu ya majivu makavu uani, akaukalia macho mpaka kivuli chake kikahama upande wa pili. Majivu hayakulowa. Akainamisha mtungi, maji yakatoka yote, hata tone halikupungua.

Basi hauvuji, akajiambia. Na kama hauvuji na haujai, pana mwizi.

Ndipo shaka ikamwingia mwilini kama homa ya vipindi. Nani? Nani anaingia nyumbani wakati sipo? Sipo. Wakati wote sipo. Basi wote wanaingia. Yule Bi Tausi wa ukuta wa pili, anayemlinda Mize mchana kutwa na kusema hataki malipo. Kwa nini hataki? Mtu asiyetaka kitu anataka kingine. Au baba yake? Baba yake ana maneno machache tangu aliponioa. Yale mengine ameyapeleka wapi?

Makame, mumewe, alikuwa fundi wa ngazi. Kati ya Bondeni na Juu palikuwa na ngazi ndefu ya mawe iliyokuwa ikirefuka yenyewe kila palipokuwa na baridi, na kazi ya Makame na wenzake ilikuwa kuongeza mawe ili ngazi isiachane na mji. Alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi, akala, akalala akiwa ameketi. Mashavu alimvizia kabla hajafumba macho.

"Baba Mize, wewe mwanao unamsemesha?"

"Namsemesha."

"Unamwambia nini?"

Makame alifikiri kwa bidii, mtu wa kweli kama alivyokuwa. "Namwambia asogee," alisema. "Nikija na mawe."

"Na mengine?"

"Namwambia ale." Kisha akamtazama mkewe kwa wasiwasi wa mtu anayeshtakiwa kwa kosa asilolijua. "Kwani kuna mengine, Mama Mize?"

Mashavu alimwonea huruma, akajikasirikia kwa kumwonea huruma, kwa kuwa huruma humwokoa mwizi. Hata hivyo alimfuta Makame katika hesabu yake. Mwizi wa maneno angekuwa nayo.

Akabaki yule mwanamke wa ngazini.

Kila asubuhi Mashavu alipokuwa akipanda kwenda kazini, palipokuwa katikati ya ngazi, pale ambapo hewa ilikuwa nyembamba na saa zilikuwa hazijaamua ni za nani, alipishana na mwanamke aliyekuwa akishuka. Alijifunika kanga mpaka puani. Alitembea upesi, ameinama kidogo, taya limekazwa, shavu moja limevimba, mfano wa mtu aliyeficha kitu mdomoni. Anashuka asubuhi! Watu wote wa Bondeni hupanda asubuhi na kushuka jioni, ila yeye. Mashavu alikuwa amempita mara nyingi bila kumjali. Sasa alimjali sana. Mtu anayeshuka asubuhi, anatoka kuiba wapi?

Kazi ya Mashavu ilikuwa usemeshaji. Nyumba nyingi za Juu zilikuwa na msemeshaji wake, mwanamke wa Bondeni aliyelipwa kukaa na mtoto na kumjazia mtungi, kwa sababu wazazi wa Juu walisoma sana na kusoma huko kuliwaweka mbali na nyumbani. Mashavu alimsemesha Ilhamu, binti wa Bi Shemsa. Ilikuwa nyumba yenye madirisha makubwa, ambamo siku iliingia ikiwa mpya kabisa, bado na harufu yake. Bondeni siku ilifika imeshavaliwa, asubuhi yake imechakaa viwiko. Ilhamu alikula yai kila kukicha, akanywa maziwa, akaachia nusu kwenye kikombe, na hakuna aliyemgombeza.

Bi Shemsa hakuwa mtu mbaya, na hilo Mashavu hakuweza kumsamehe. Siku ya kwanza kabisa alimkalisha kwenye kiti, kiti kilekile alichokalia yeye, akamfundisha.

"Usimwamrishe, Mashavu. Mwulize. Ukitaka avae viatu, mwulize ardhi leo ni ya moto au ya baridi. Akikuuliza kwa nini, usimwambie nyamaza. Mwulize yeye anadhani kwa nini. Kisha ngoja."

"Ningoje nini, Bi Shemsa?"

"Jibu. Hata likichelewa."

Mashavu alidhani ni mtego. Mtu mzima amngoje mtoto? Lakini alijaribu, na Ilhamu, aliyekuwa hajaota meno bado, alimtazama, akangoja naye. Siku nyingi zikapita hivyo. Mashavu alikuja kugundua kwamba ana kipaji. Alimuuliza Ilhamu mwezi hulala wapi, na chungu akipotea humuuliza nani njia. Alimwimbia, akamtegea vitendawili, akamsimulia hadithi zote za marehemu mama yake. Lakini hadithi alizisimulia kwa namna ya wasemeshaji.

Maana wasemeshaji walikuwa na mwiko wao, na mwiko huo wenye nyumba hawakuujua. Mama yake alimpa mwiko huo siku ile alipompa kanga yake ya kwanza ya kazi, pamoja na mianzo ya hadithi aliyomnyima utotoni. *Wauzie mwanzo, mwanangu. Wauzie katikati. Mwisho ubane chini ya ulimi, umpelekee mtoto wako.* Kwa hiyo hakuna msemeshaji aliyemaliza hadithi Juu. Wakifika pale ambapo fisi ameshika kamba na sungura yuko kisimani, walikohoa, wakasema muda umekwisha, wakabana. Watoto wa Juu walilia kidogo, wakazoea, wakakua. Baada ya vizazi kadhaa wasomi wao waliandika vitabu vinene kueleza kwamba hadithi kwa asili yake haina mwisho, na kwamba mtu anayetaka mwisho ana akili changa. Vitabu hivyo vilisifiwa sana. Wasemeshaji waliokuwa wakivifuta vumbi walitazamana.

Na jioni, Mashavu alishuka ngazi akiwa amefumba mdomo ili mwisho usimponyoke. Akifika nyumbani hana sauti. Koo limekauka kwa kuuliza maswali ya kulipwa. Mize yuko kizingitini anangoja. Mashavu alimwinamia, akamtemea ule mwisho sikioni kwa pumzi moja, halafu akasema yale maneno mengine aliyobaki nayo: kaa, kula, nyamaza, lala. Alikuwa akifanya hivyo kwa upendo. Aliamini amemletea mwanawe kilicho bora kuliko vyote, kwa kuwa ndicho alichokataa kukiuza.

Siku ambayo mambo yalifunuka, alimwacha Ilhamu chumbani akaenda kumtilia maji ya kuoga. Aliporudi alisikia sauti yake mwenyewe ikizungumza nyuma ya mlango.

Alisimama, ndoo mkononi. Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake, na ule mvuto wa mwisho wa neno ambao hata yeye hakujua kwamba anao. "Sasa wewe paka," ilikuwa ikisema, "unadhani ni kwa nini kisima kina giza? Hujui? Si kitu. Tungoje." Akasukuma mlango kwa goti. Chumbani alikuwamo Ilhamu peke yake na paka. Ilhamu alikuwa amekaa alivyozoea kukaa Mashavu, mguu mmoja umekunjwa, anamngoja paka ajibu.

Mashavu aliuendea mtungi wa Ilhamu. Hakuwa ameruhusiwa kuugusa, aliugusa. Akaugonga. Ukaitika du, mara moja, ukanyamaza, mzito kama gunia la mchele. Akaweka sikio mdomoni pa mtungi. Humo ndani alijisikia yeye: maswali yake yote, vitendawili, nyimbo, asubuhi zake zote zimelaliana mpaka shingoni. Alijaribu kusikia neno la mtu mwingine. Palikuwa na ya Bi Shemsa machache juu juu, mazuri, ya siku za mapumziko. Yaliyobaki yalikuwa yake.

Mashavu alikuwa amemtafuta mwizi kwenye majivu, kwa jirani, kwa mume, na mwizi mwenyewe alikuwa anatumia sauti yake. Bi Shemsa aliingia akamkuta amekaa sakafuni, maji ya ndoo yamemwagika.

"Mashavu! Unaumwa?"

"Hapana, Bi Shemsa. Nimeteleza."

Bi Shemsa aliinama akamsaidia kuinuka, kisha akaona mkono wake ulipokuwa, juu ya mtungi. Hakugomba. Alisema kwa upole, "Mize wako jino limelegea, sivyo? Mtungi wake ukoje?"

"Unalia."

"Lo, maskini." Alihuzunika kweli, macho yakamlowa. "Lakini bado hujachelewa. Nimesoma mambo haya, Mashavu, nakwambia kwa faida yako. Mtoto halishwi uji tu. Mama akikaa na mwanawe, akamuuliza, akamngoja, mtungi hujaa wenyewe. Ni jambo dogo. Wala halina gharama."

Mashavu alimtazama mdomoni alipokuwa akisema hivyo. Alitafuta dalili ya dhihaka. Alitafuta kwa hamu, maana dhihaka angejua kuijibu. Hakuiona.

"Ndiyo, Bi Shemsa," akasema. "Halina gharama."

Akafuta maji, akamwogesha Ilhamu, akamuuliza kwa nini povu hukimbia mkono. Ndiyo kazi aliyolipwa kwayo, na Bondeni kulikuwa na chungu kinachongoja unga.

Lakini hakungoja jioni. Alitoka mchana, kazi haijakwisha, akakimbia kushuka ngazi na kwenda kusimama pale katikati. Mahali pale saa hazina mwenyewe. Ukingoja sana asubuhi hurudi. Asubuhi ilirudi, na mwanamke wa kanga akaja akishuka, taya limekazwa. Mashavu alimkamata mkono.

"Toa ulichoficha."

Mwanamke alitikisa kichwa.

"Toa! Mwanangu mtungi wake unalia, nawe kila siku unashuka shavu limejaa!" Akamvuta kanga usoni.

Alikuwa mama yake. Siyo yule bibi aliyemzika, mwembamba, aliyekohoa damu kwenye kitambaa. Alikuwa msichana, mdogo kwa Mashavu kwa miaka mingi, ngozi inang'aa kwa jasho. Hakumtambua bintiye. Alimwona mwanamke mkubwa mwenye hasira, akampigia goti dogo la heshima, akasogeza kile kitu kwenye pembe ya mdomo ili aweze kusema.

"Shikamoo, dada. Usinicheleweshe. Nina mtoto kule chini, hasemi vizuri. Nampelekea mwisho wa hadithi."

"Marahaba," Mashavu alijibu kwa shida. Mkono wake ulikuwa bado umemshika. "Na huko Juu umeacha nini?"

"Zilizobaki." Msichana alicheka, akaziba mdomo kwa hofu ya kudondosha. "Kuna kitoto nakisemesha, Raya, kina masikio yale! Nikifika mwisho nikakohoa, kinanirukia, kinanishika taya kwa mikono miwili kinifunue. Hakikubali. Sijaona kitoto kinachotaka mwisho namna ile."

"Na wako? Mwisho peke yake unamtosha?"

Msichana akaacha kucheka. Alitazama chini, kule Bondeni, ambako Mashavu alijua kuna mtoto amekaa kizingitini akingoja, na alijua pia goti la mtoto huyo lina kovu upande gani, maana ni kovu lake.

"Ndicho ninachofika nacho, dada," alisema. "Niache niende. Ukikaa sana ulimini unayeyuka."

Mashavu alimwachia. Alitaka kumwita, kumwambia haukutosha, mama, nilikuwa nakaa na miisho yako usiku kucha nikitafuta ilikotoka. Lakini mwanamke alikwisha kushuka, na ngazi ikarefuka kidogo nyuma yake. Mashavu alilia hapo kwenye jiwe, kwa sauti, bila aibu.

Jino la Mize lilikuwa limebaki kushikwa na uzi mmoja wa ufizi walipofika mbele ya Msikizi. Makame aliubeba mtungi mpaka mlangoni, akakatazwa kuingia kwa sababu ya vumbi lake. Ukumbi ulikuwa mweupe. Msikizi alikuwa mwanamke mzee aliyekaa wima, masikio yake makubwa yametulia pembeni mwa kichwa, na watu walimwita Bi Msikizi. Mbele ya Mize alikuwa Ilhamu na Bi Shemsa. Mtungi wa Ilhamu uligongwa, ukaitika du. Kisha Msikizi akaanza hadithi ya kupimia, ile wanayoanziwa watoto wote ili isikike watauliza nini.

"Palikuwa na mwanamke aliyepanda mlango shambani kwake."

"Mlango wa mti gani?" Ilhamu aliuliza papo hapo. "Na aliumwagilia? Mlango ukiota, unaotea upande wa ndani au wa nje?"

Lilikuwa swali zuri, na Mashavu, nyuma yao, alijua tangu lini Ilhamu anajua kuuliza hivyo. Moyo wake ulijaa fahari kabla hajauzuia. Alimpenda mtoto yule. Hata hilo alilitilia shaka sasa, akakuta ni kweli, likamuuma zaidi. Ilhamu alipita Mlango wa Jua akimpungia mkono. "Dada, kesho!"

Mtungi wa Mize ukagongwa. Ulilia mpaka ukutani, ukarudi, ukalia tena. Mtu fulani kwenye foleni aliguna kwa huruma. Mashavu akageuka amtafute.

"Palikuwa na mwanamke," alisema Bi Msikizi kwa uchovu, kwa kuwa ilikuwa desturi tu na uamuzi ulikwisha kupita, "aliyepanda mlango shambani kwake."

Mize alimtazama. Hakuuliza kitu. Msikizi akainua mkono kuonyesha Mlango wa Kivuli. Hapo Mize akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayefunga nyumba:

"Basi mlango ukazeeka, ukaanguka. Na aliyekuwa nje akiumwagilia na waliokuwa ndani kivulini, wakaonana."

Mkono wa Msikizi ulibaki hewani. Kisha yule mzee aliruka kitini, wepesi wake ukiwashtua watu wote, akapiga magoti mbele ya Mize na kumshika taya kwa mikono miwili.

"Rudia," alisema. "Rudia. Na kabla ya hapo? Walikuwa wangapi ndani? Rudia!"

Mize, mtoto wa mama yake, alifumba mdomo.

Mashavu aliitazama ile mikono kwenye taya la mwanawe, akajua. "Mwachie, Bi Raya," alisema.

Hakuna aliyemwita Msikizi kwa jina lake tangu utoto, enzi alipokuwa rika la Mashavu, kabla kiti kile hakijamzeesha. Aliamuru watu watoke ukumbini. Walipobaki watatu, uso wake ulikuwa umechanganyika, wa mzee na wa kitoto.

"Wewe ni binti yake," alisema. "Alikuwa anakohoa, halafu anaondoka. Nimekaa kwenye kiti hiki maisha yangu yote nikiwaanzia watoto wa watu hadithi ile, nikingoja mmoja anayejua inakokwenda. Wote wanauliza. Wanauliza vizuri sana." Akapumua. "Sikiliza. Huyu nitampitisha Mlango wa Jua sasa hivi, mtungi ulie usilie. Mimi ndiye Msikizi. Nawe uje kwangu kila asubuhi unimalizie zote alizoniachia mama yako. Nitakupa mara mbili ya wanachokupa."

Mlango wa Jua ulikuwa pale, wazi. Ilhamu alikuwa anasikika ndani akicheka. Mashavu alikuwa amekuja kwa ajili ya mlango ule; kama angeambiwa atambae angetambaa. Lakini mazoea ya kushuku yalikuwa yamemwingia sana, na yakamfanya aulize.

"Nikikumalizia wewe asubuhi, jioni nitashuka na nini?"

"Mwanao atakuwa anafundishwa hapa. Atapata kila kitu."

"Atafundishwa kuuliza. Akija nyumbani akaniuliza, atakuta nimeuza mwanzo, nimeuza katikati, na mwisho nimekuuzia wewe. Atamkuta nani?"

"Usiwe mjinga, mwanamke. Wenzako wangeshukuru."

"Huenda," alisema Mashavu. Akaingiza kidole mdomoni mwa Mize, akagusa lile jino. Lilicheza, halikutoka. "Mtungi hupokewa mpaka jino ling'oke. Halijang'oka. Tutarudi."

"Na likitoka kesho?"

"Litakuwa limetoka kesho."

Wapo watakaosema alitupa shilingi chooni, na huenda wakawa wamesema kweli. Yeye mwenyewe alijilaani kwenye vidato vya kwanza, akijiita mpumbavu, akiukumbuka unga, akijua kesho alfajiri anatakiwa kwa Bi Shemsa na hajui kama atakwenda wala kama anaweza kutokwenda. Makame alitembea mbele na mtungi begani. Hakuuliza. Walipofika katikati ya ngazi Mashavu alimwambia autue, naye akautua na kukaa kando yake, vumbi na vyote.

"Usisinzie," Mashavu alimwambia. "Nawe ni wako huyu."

Alimkalisha Mize kwenye jiwe, uso kwa uso. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hajawahi kumwambia mwanawe neno *palikuwa*. Lilikuwa gumu kutoka, hapa ambapo halilipwi.

"Palikuwa na mwanamke," alisema, "aliyepanda mlango shambani kwake."

Mize alirudi nyuma kidogo. Macho yake yakawa membamba, yakamchunguza mama yake kuanzia paji la uso hadi kidevuni.

"Hiyo ya nani?" aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu azaliwe, na Makame aligeuza uso.

"Yako," alisema Mashavu.

Mize hakuamini. Alisogea, akamshika mama yake taya kwa mikono miwili, akamfunua mdomo. Akachungulia. Akamwinua ulimi kwa kidole akatazama chini yake, kulia na kushoto, asiwe ameficha kitu. Mashavu alikaa hivyo, kinywa wazi, machozi yakimwingia ndani. Hapakuwa na kitu chini ya ulimi.

"Haya," alisema Mize.

Lakini taya hakuliachia. Mashavu akaanza upya, akisimulia kwa shida, kidevu chake kikiwa mikononi mwa mwanawe.